Redio ya Blandine

Blandine, jirani yetu Mkasai, aliiweka redio yake ya kaseti mikononi mwa mume wangu, si mwangu mimi niliyesimama palepale.

“Tata, niliinunua kule Amerika, wakati nilikuwa nafanya kazi kule,” alimwambia, akimwita baba kama ninavyomwita mimi, akamwonyesha kisanduku kizito cha chuma. “Kuran ya huku, huu umeme wenu, iko nguvu sana. Pitisha kwanza mu hii transfo, ipunguze, sivyo redio itaungua.”

Nje vijana walikuwa wakipiga kelele kwamba Wakasai wote waende stesheni, warudi kwao. Mume wangu akatoka kumbebea mizigo. Mimi hajawahi kunibebea hata ndoo ya maji.

Redio ilikuwa bado na joto la kifua cha Blandine. Ilinukia pomadi yake.

Nikaikata kwa kisu fishi yake, ile plagi ya Kimarekani isiyoingia kwenye soketi zetu. Nikamenya nyaya kwa meno, nikazichomeka ukutani moja kwa moja na kuzibana kwa njiti za kiberiti, kama tunavyofanya na pasi hapa Kapata. Transfo nikaiweka mezani karibu na redio, kana kwamba imeunganishwa, halafu nikashusha pazia lifiche nyaya ukutani.

Alirudi jioni, macho mekundu, kitambaa cha kichwa cha Blandine kikiwa begani.

“Tata,” nikamwambia kwa upole, “fungula redio yako, iimbe. Nimeshakutengenezea.”