Ufa Chini ya Kiti

"Lala wewe," kinyozi alisema. "Mimi nikilala juu ya huu mkokoteni naona mawingu tu."

Fundi akajilaza. Ilikuwa baiskeli ya kulala: kiti kipana kilichoinamia nyuma, karibu na ardhi, na pedali mbele kabisa kwenye ncha ya bomba, kwa hiyo miguu inatangulia na kichwa kinafuata. Fundi alimuuzia kinyozi mwezi uliopita, mtumba, na tangu hapo kinyozi hakukosa sababu ya kurudi. Mara kiti kimesimama mno. Mara magoti yanagonga usukani. Mara inavuta kushoto.

Kila akitokea, fundi aliacha kazi na kumchunguza uso. Leo ameuona, alijisemea.

Pale fremu inapopinda chini ya kiti palikuwa na ufa. Fremu ilikuwa ya alumini, na mashine yake ya kuchomelea ilijua chuma tu. Lakini mtaa mzima alikuwa ameutangazia kwamba hakuna fremu inayomshinda. Basi ufa akaujaza gundi, akapiga msasa, akapaka rangi. Rangi ilikaa vizuri ajabu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Weka kisigino kwenye pedali," kinyozi akaamrisha. "Mguu umenyooka?"

"Bado kidogo. Ila mimi nakuzidi kimo. Tukipima kwa mguu wangu, wewe hutafika."

"Nitajinyoosha. Vuta bomba, bwana, acha maneno."

Fundi akainuka, akalegeza bolti, akavuta bomba mbele upana wa vidole viwili, akaongeza vipande vya cheni, akakaza. Akalala tena. Akarudisha kiti nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukakubali. Mgongo huo ulikuwa umemsumbua miaka mingi; baiskeli za watu alizitengeneza tu, kuzipanda alishaacha.

Mkewe alikuwa mlangoni amemtazama, ndani ya ovaroli ya mumewe kama kawaida yake siku za kazi. Kwa kimo walilingana hadi majirani wakawaita Mapacha. Kiwiko chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, alisema alijikwaa.

"Baba watoto, mbona umestarehe hivyo? Mgongo unasemaje?"

"Umenyamaza."

"Makubwa! Kwa hiyo hii wewe ungeipanda? Kweli kabisa?"

Kinyozi naye akageuka kumsikiliza. Fundi akatazama juu, nyuso mbili zikimwinamia. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sekunde moja tu ya aibu, na yangekwisha.

"Ningekuwa nayo nisingeiachia," akasema.

"Hata kwenye ule mteremko wa kutoka dukani kwake?" mkewe akauliza, akimwonyesha kinyozi.

"Hata kwenye mteremko. Hiyo haina neno."

Mkewe akacheka. Kinyozi akacheka. Fundi akacheka pia, akainuka upesi ili wasimwone macho.

Jioni ile chakula hakikushuka. Kwa kila tonge alimwona kinyozi akiteremka, miguu mbele, kiuno juu ya rangi yake nzuri. Mkewe alikuwa anaosha vyombo huku anaimba.

"Una nini wewe?" akamuuliza.

"Uchovu."

"Vumilia. Kesho utachangamka."

Asubuhi mkewe akaondoka mapema. Alisema kuna kitu anakwenda kuchukua. Fundi alifungua duka, akashika spana, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akafunga mlango. Liwalo na liwe. Atasema, ataichukua baiskeli yake, na mtaa ucheke mpaka uchoke.

Hakupita barabarani. Alipanda ngazi za mkato katikati ya nyumba, mkono kiunoni, mgongo ukimlaani kila hatua, hadi akatokea juu kwenye duka la kinyozi.

Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja kidevu.

"Ile baiskeli usiipande," fundi akasema, hata salamu akaisahau. "Fremu ina ufa. Niliuziba kwa gundi nikapaka rangi. Nilijua tangu siku nakuuzia."

Wembe ukasimama hewani.

"Nitukane baadaye," fundi akasema. "Iko wapi?"

Kinyozi hakumtukana. Alikuwa anatazama dirishani, kule barabara inapoanza kuteremka.

"Hukukutana na shemeji? Nimemuuzia yeye, iwe zawadi ya mgongo wako; alitaka akushtukize nayo dukani. Wiki nzima amejifunza hapa uani kwangu, ndiyo kwanza ameondoka. Nilimwambia aikokote mpaka chini. Akasema wewe mwenyewe umeshamwambia, hata kwenye mteremko haina neno."