Kipimo Kimoja kwa Siku

Mzee aliikumbatia chupa kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa mtoto.

"Ukiigusa hii, usiniite tena baba!"

Binti yake alisimama upande wa pili wa meza, mkononi ameshika kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya kikohozi. Alikuwa akiuza kwenye duka la dawa, na jioni hii, kama jioni zote za wiki hiyo, alikuwa amepitia hapa kabla hata ya kwenda kwake kuvua viatu.

"Sikunyang'anyi, baba. Nataka nikupimie tu. Si umeona hapo kwenye lebo? Kilevi asilimia arobaini. Kipimo kimoja ni hiki kikombe changu. Hiyo glasi yako inameza sita!"

"Glasi ni moja. Daktari alisema moja."

"Daktari alisema uache!"

"Basi aache yeye."

Mzee akajimiminia mpaka ukingoni. Maisha yake yote alikuwa fundi bomba, na mpaka leo mkono wake haukumwaga hata tone. Akamkazia bintiye macho, akaipiga glasi yote kwa mkupuo mmoja. Hakukunja hata uso. Kisha akatupia karafuu mbili mdomoni na kuanza kuzitafuna kwa madaha.

Machozi yalimlenga binti. Mwaka juzi ini lilimlaza baba yake hospitali, na alipotoka aliiacha chupa mwenyewe, kwa hasira, kama alivyofanya kila kitu. Watoto wakashusha pumzi. Kaka mkubwa akazama kwenye shughuli zake, dada akahamia mbali na mumewe, naye kitinda mimba huyu akawa mtu wa kupiga simu sikukuu. Mambo yalikuwa shwari. Halafu mwezi uliopita jirani akawapigia: mzee kaonekana na chupa, tena barazani, mchana kweupe, anawanyanyulia wapita njia glasi.

"Glasi hiyo ni sawa na vipande vitano vya mkate," alisema binti, "lakini haikujengi hata ukucha. Unakula kweli, baba?"

"Nile na nani?"

Binti aliingia jikoni akabandika chakula, akafungua kopo la majani ya chai. Tupu.

"Baba! Majani si nilileta juzi?"

"Wageni."

"Wageni gani hao?"

"Wewe umekuja kupika au kunihoji? Na hiyo glasi iache hapo hapo. Naosha mwenyewe."

Walikula pamoja, wakinuniana. Lakini mzee alipoanza kisa cha bosi wake wa zamani aliyefungua bomba na kurushiwa maji machafu usoni, alicheka mwenyewe kabla ya kukimaliza, na binti akajikuta anacheka pia, ingawa kisa hicho alikisikia tangu hajaota meno ya pili.

Giza lilipoanza kuingia, binti akachukua mkoba wake.

"Kesho nakuja tena na kikombe changu."

"Njoo hata na ndoo!" mzee alimfokea kutoka kitini. "Sipimiwi mimi! Kesho nakunywa mbili!"

"Utakufa, baba!"

"Njoo basi unizuie!"

Alikuwa ameshafika getini manyunyu yalipoanza, akakumbuka mwavuli wake. Aliuacha jikoni. Akazunguka kwa nyuma ili asianzishe vita upya, akafika kwenye dirisha la jikoni, na hapo akasita.

Chupa ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, imewekewa chujio mdomoni. Mzee alikuwa ameinama, kauma ulimi kwa umakini, akimimina chai ya rangi iliyopoa kutoka kwenye sufuria. Akainyanyua chupa kwenye taa, akaikagua rangi, akatikisa kichwa, akaongeza maji kidogo.

Binti alirudi kinyumenyume, bila mwavuli. Alipofika barabarani, nguo zimemganda mwilini, akampigia kaka yake.

"Kaka, mzee amezidi. Peke yangu simuwezi. Kesho uje mwenyewe, na watoto uje nao."