Zamu ya Kihwelo

"Sasa mbadilishane, meneja ndiye aseme," mkufunzi aliagiza. Wakubwa wa kiwanda cha nguo walikuwa wakifundwa kuyapokea mabadiliko, na zoezi lilikuwa kumwambia mtu, bila kumvunjia heshima, kwamba mashine imechukua kazi yake.

Kihwelo, msimamizi wa ghala, alikaa akitabasamu. Meneja Tendwa akamsogelea.

"Mzee wangu, umetufaa sana. Lakini mambo yamebadilika."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kihwelo naye akacheka, akataka kuinuka.

Meneja hakucheka. Alikuwa amekinga mikono yote miwili, kama ilivyokuwa desturi yao kumpokea funguo mtu anayeondoka asirudi tena.

Kicheko kikamkauka Kihwelo mdomoni. Mkono wake ukateremka kiunoni, zilikoning'inia funguo, na makofi yalikuwa bado hayajakoma.