Sauti ya Kiti cha Kushoto

Fundi Chuwa alibandika antena ya redio ya setilaiti juu ya paa la gari, akamwambia Mzee Mhina akae kwenye usukani. "Sauti huwa tunampimia dereva, mzee."

"Mpimie wa kushoto."

"Si kiti kitupu?"

"Mke wangu anatoka hospitali leo. Limembakia sikio moja, la upande wa mlangoni."

Chuwa akahamia kiti cha kushoto, akaziba sikio lake la kulia kwa kidole, akabonyeza vitufe mpaka kila uzi wa udi wa taarabu ukasikika peke yake. Kwenye usukani sauti ilifika kama redio ya jirani tu.

"Hapo hapo, usiguse!" alisema mzee.

Fundi aliposhuka, Mhina alikifuta kile kiti kwa leso, akaondoka kwenda hospitali, redio ikikiimbia njia nzima.