Breki za Kigari cha Neider

Magurudumu yalizunguka kinyumenyume. Arcesio alikuwa amekiweka kigari juu ya bakuli lililofudikizwa mezani, magurudumu yote manne hewani, na alipobonyeza rimoti kikataka kwenda nyuma badala ya mbele.

"Kinarudi nyuma," alisema Nubia.

"Nimeona. Nyaya za mota nimezipishanisha."

Alizichomoa mbili, akazibadilisha, akazichomeka tena. Vidole havikutetemeka. Tangu Neider afe, mikono yake ilikuwa imetulia hivyo, na kifua nacho kimekufa ganzi, hata chuma cha kulehemu kingemuunguza asiseme kitu. Watu walitarajia alie. Hakulia siku ile, wala baadaye.

Kigari kililetwa na baba wa ubatizo wa mtoto, kikiwa vipandevipande ndani ya boksi. Neider alikiunga bodi na magurudumu mwenyewe, nyaya zikamshinda, akakiacha juu ya kabati akatoka kwenda kucheza. Hakurudi. Leo angetimiza miaka kumi na miwili, na mama yake, Nubia, alikuwa ameomba jambo moja tu tangu mazishi: kigari kitembee leo.

"Kisipotembea nakitupa," alikuwa amesema. "Na tusisumbuane tena, mimi na wewe."

Hakuwa akitania. Arcesio alijua kwamba nyumba hii ikimfungia mlango, hana pengine pa kwenda kukaa karibu na mtoto huyu.

Akageukia maelekezo, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo za kumkomoa mtu.

"Bisibisi ndogo iko wapi?"

"Droo ya pili."

Alikuwa amechagua kiti kinachoipa mgongo picha ya ukutani, ile ya Neider na shati jeupe la komunio ya kwanza, nywele zimelowanishwa zikalala. Nubia alimletea kikombe cha maji moto ya sukari guru, kipande cha jibini ndani kama ilivyo desturi ya huko.

"Kunywa kabla halijayeyuka lote."

Alikunywa. Hakusikia utamu wowote. Akasema ni tamu, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Kisha akabonyeza kitufe cha kipokezi, kile kijisanduku kinachosikiliza rimoti, na kukishikilia. Taa nyekundu ikapepesa, ikatulia.

"Sasa vimejuana. Hakitamsikiliza mwingine."

"Afadhali chenyewe," alisema Nubia. "Neider hakuwa akimsikiliza mtu." Akacheka kidogo, peke yake.

Arcesio alijaribu usukani. Kushoto kikaenda kulia. Akasogeza swichi ndogo pembeni mwa rimoti, na kushoto kukawa kushoto.

"Na breki?"

"Zipo."

"Rimoti ikizimika kikiwa mbioni?"

"Kwa sasa kitaendelea mpaka kigonge kitu. Lakini kinaweza kufundishwa kusimama chenyewe."

"Kifundishe."

Akashikilia breki kwenye rimoti, akabonyeza kile kitufe tena, akasubiri taa ikubali. Nubia alikuwa amesimama nyuma yake, karibu sana, akifuatilia kila kidole. Alipoambiwa tayari, akamtaka akague upya. Alikagua.

Walipotoka nje, Edilma, jirani wa Nubia, alikuwa akifagia mbele ya mlango wake.

"Umeamkaje, Nubia? Ndicho kile cha mtoto?"

"Ndicho. Leo kinatembea."

"Mungu akutie nguvu, shoga yangu."

Arcesio hakusalimiwa, naye hakutegemea. Edilma aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nubia alikiweka kigari chini, katikati ya barabara. Rimoti aliishika kwa mikono miwili.

"Nenda kasimame kule chini, kwenye kona."

"Kule?"

"Kule kule. Na usisogee."

Alikwenda. Miguu yenyewe ilipajua mahali. Aligeuka akamtazama yule mwanamke mwembamba mwenye aproni juu ya mteremko, akangoja ahisi chochote, hata hofu. Hakuna kilichokuja.

Kigari kiliondoka polepole, kikayumba kwenye tofali moja lililoinuka, kikanyooka. Halafu Nubia akakandamiza mpaka mwisho. Kilishuka kwa kasi, kikilia kwa sauti nyembamba, kikimlenga miguuni. Kilipobakiza hatua chache, aliinua rimoti juu ili Arcesio aone, akaizima.

Magurudumu yalikaza. Kigari kiliteleza kwenye vumbi, kikazunguka ubavu, kikasimama mbele ya kiatu chake bila kukigusa.

Nubia alishuka taratibu. Aliinama akakiokota, akakifuta vumbi kwa aproni, bodi kwanza, kisha gurudumu moja moja. Alipomaliza ndipo alipomtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mahakamani ulisema breki za lori lako zilikataa," alisema. "Sasa niambie mimi, hapa alipofia mwanangu."

"Zilikuwa nzima, mama," alisema Arcesio. "Nilikuwa nimesinzia."