Kiboko Aliyelala Mwanyani

Kiboko alikuwa na kazi moja tu: kulala mbele ya mwanya wa miamba, pale mto unapobanwa. Fisimaji, mama wa mapacha, alikuwa amemchoka.

"Hama, bwana wee! Unanizuilia samaki."

"Nikihama, mama, maji yatapita kwa fujo."

"Ndivyo ninavyotaka!"

Kiboko akajikokota, akaenda zake. Mto ukachomoka mwanyani kama mshale, samaki tele. Lakini nyuma ya miamba, kwenye maji matulivu walimozoea kucheza mapacha, maji yakaanza kuzunguka kama pia. Fisimaji alikimbia samaki angali mdomoni. Alipofika, watoto walikuwa wamekwisha kumezwa.

Akamfuata Kiboko, analia. "Rudi, baba. Nimekosa."

Kiboko akainamisha kichwa. "Nirudi, mama, nimkingie nani?"