Kemia Kutoka Kawangware

“Mbona mmezima taa?” Timothy aliuliza, na jua la saa sita lilikuwa limejaa mlangoni.

Wanzala alipunga mkono mbele ya macho ya mdogo wake. Hayakufuata. Tangu mama yao afariki, ni yeye aliyemlea kijana huyu, akamtoa Busia, akamfundisha useremala. Sasa alikuwa akimwona akimponyoka mchana kweupe.

Jana yake Timothy alikunywa chang'aa kwa Nafuna. Aliokunywa nao walianza kufa alfajiri, na mtaa mzima wa Raila ulikuwa ukilia. Nafuna mwenyewe alishatoroka. Watu walibomoa nyumba yake, wakakosa wa kumpiga, na hasira iliyokosa mtu ni hasira mbaya.

Aliyebaki ni bintiye Phanice, mwalimu wa kemia katika shule ya mabati isiyo na maabara. Phanice alikuwa mlokole. Pombe ya mama yake hakuigusa hata kwa kidole. Kila Jumamosi alitembea hadi Kawangware, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta, akarudi na karatasi za masomo kutoka kwenye intaneti. Mwaka huo wa tisini na nane intaneti ilikuwa kitu cha kusikia tu. “Kemia yote ya dunia iko humo,” aliwaambia majirani, nao wakamcheka. Wanzala alicheka kuliko wote. Kemia ya kutazama kwenye kioo, alisema, ni kama ugali wa kwenye picha.

Sasa Wanzala alitoka mbio kutafuta mkokoteni wa kumpeleka Timothy hospitali. Aliporudi, alimkuta Phanice amepiga magoti kitandani, amemwinua Timothy kichwa, anammiminia wiski mdomoni.

“Meza,” alikuwa akimwambia. “Meza tena, Timo.”

Mlokole, na chupa mkononi! Wanzala alielewa papo hapo. Timothy akipona, atamtaja Nafuna kwa polisi. Maiti haitoi ushahidi. Binti alikuwa amekuja kummalizia mama yake kazi.

Alimkamata nywele akamburuta hadi nje.

“Wanzala, niachilie! Hii si ya mama, nimeinunua baa, nimeifungua mwenyewe! Nilisoma kwa intaneti—”

Alimpiga ngumi ya mdomo. Chupa ikapasukia kwenye jiwe, na Phanice akaanguka juu ya vigae vyake.

“Wasee, kujeni!” jirani yao Khamala alipaza sauti. “Amepatikana akimmaliza Timo! Mtoto wa nyoka ni nyoka!”

Walikuja. Siku kama hiyo Raila haikuhitaji kuitwa mara mbili. Walikuja na rungu, na mawe, na vipande vya mabati, na baadhi yao walikuwa wazazi wa wanafunzi wake. Phanice alifunika kichwa kwa mikono, mikono ikavunjwa. Akaanza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alipiga kwa nguvu zaidi ili asisikike akiitwa.

Wanzala alipopita akisukuma mkokoteni, Phanice alikuwa amelala kifudifudi mtaroni, hatikisiki, hapumui. Mtu alikuwa ameshamvua viatu. Wanzala hakumwonea huruma hata chembe. Laiti angepigwa mapema, aliwaza, kabla hajamgusa mdogo wangu.

Hospitalini wagonjwa walikuwa wamelazwa sakafuni, na wengine walikuwa wamekwisha kufunikwa. Daktari, mama wa makamo aliyechoka hadi macho yakawa mekundu, alimshika Timothy mkono akasikiliza mapigo. Kisha akamnusa mdomo, akashtuka.

“Huyu amepewa wiski leo. Ni nani aliyempa?”

“Ni binti ya yule muuza chang'aa, daktari,” Wanzala alijibu. “Lakini huyo hatarudia.”

Daktari alikuwa ameshamgeukia nesi. “Lete wiski nyingine upesi, tumwongezee. Pombe safi ndiyo inayoizuia sumu iliyokuwa kwenye chang'aa ile. Huyu atapona.”

Kisha akamshika Wanzala bega. “Na wewe kimbia, ukamlete huyo msichana. Ndiye aliyemwokoa ndugu yako, na hapa, zaidi yangu, hakuna mwingine anayejua dawa hii.”